Gauni la Mkwe wa Pichani

Basi lilikuwa limeshaanza kutambaa kutoka kituoni, na mwenzangu bado alikuwa mlangoni akibishana na utingo juu ya sanduku lake la vyuma. Utingo alitaka likae kwenye buti. Yeye alitaka likae miguuni pake. Dereva akaongeza mwendo, mguu mmoja wa mwenzangu uko ndani na mwingine hewani, sanduku limeshikwa huku na huku kama mtoto anayegombewa na wazazi walioachana.

"Mama, kwani humu mna nini?" utingo akauliza.

"Nyundo, koleo, msumeno wa chuma. Nikutolee nyundo uione?"

Sanduku likakaa miguuni pake.

Huyo ndiye Cheche. Jina alipewa na madereva wa malori wa mjini kwake, maana kazi yake ni kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, chesisi zilizovunjika njiani. Ana mikono kama miguu ya meza, imejaa makovu madogomadogo ya moto, na mabega ambayo nikitembea nyuma yake jua halinipati. Kiswahili amejifunza kwa madereva hao na kwangu mimi, kwa hiyo maneno ya barabarani anayo yote na ya ukumbini hana hata moja. Si kwamba anatukana. Anasema lililopo, basi, na watu wengi afadhali uwatukane.

Mimi kwetu naitwa Kiguu, wamefupisha kiguu na njia. Nilitoka nyumbani ndevu hazijaota, nikarudi mara chache kuzika watu. Nimepika melini, nimechimba mawe, nimelinda maghala yasiyo na kitu, nimeuza miwani kwa watu walioona vizuri kuliko mimi. Shule niliisoma vipandevipande, darasa moja huku, nusu darasa kule, nikajua kuandika kabla ya kujua kuzidisha. Wanasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Aliyesema hayo hakuwahi kuvaa magoti yangu. Magoti yalikuwa yameshaniambia imetosha, rudi kwenu. Nilitaka kile chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama, chenye dirisha la kufungwa kwa kamba, nilale humo mpaka siku nitakapobebwa. Lakini sikutaka kulala humo peke yangu, na Cheche si mtu wa kuhamishwa kama kabati.

Masharti yake aliyatoa tulipovuka daraja la mwisho la mjini kwake, anamenya chungwa na maganda anayaweka kwenye kofia yangu.

"Nakwenda kuwaona watu wako. Nikiwapenda, tutazungumza. Nisipowapenda, wewe baki kwenu, mimi narudi kazini."

"Utawapenda tu."

"Wewe mwenyewe uliwakimbia."

"Sikuwakimbia. Nilitoka."

"Ulitoka mpaka ukaota mvi huko huko nje."

Nikala chungwa. Nilikuwa nampeleka mwanamke asiyejua kudanganya kwenye nyumba ya mafundi cherehani, nyumba ambayo haikuwahi kujua kufanya kitu kingine, halafu naomba wapendane.

Ngoja niieleze nyumba yenyewe, la sivyo utatucheka bila sababu, na mimi napenda watu wanicheke kwa sababu.

Baba alikuwa fundi, na baba yake pia. Duka liko mbele, watu wanaishi nyuma. Baba alituachia sheria mbili. Ya kwanza, nyumba hii haipimi. Mtu akiingia mlangoni fundi anamtazama, na mpaka mtu huyo aketi, fundi ameshajua kiuno chake, mabega yake, na kwamba mguu wa kushoto umezidi kidogo. Futi ya kupimia kwetu ilikuwa aibu, kama kukutwa na mkongojo kijana mwenye miguu miwili. Ya pili, nyumba hii haifumui. Kilichoshonwa kimeshonwa. Suruali ikibana, mteja amenenepa njiani. Ikipwaya, amekonda kwa dhambi zake mwenyewe. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima na heshima zao wakitoka dukani wamejikunja upande ili bega lilingane na koti, na wanashukuru. Baba alipokufa tulimvika suti aliyojishonea. Haikufunga vifungo. Tukasimama pale waombolezaji wote, kila mmoja anaona tumbo la marehemu, hakuna aliyefungua mdomo.

Hata mume wa dada yangu mkubwa alipatikana kwa njia hiyo. Kulikuwa na suti mteja alikataa kuichukua, ikaning'inia dukani mpaka ikawa kama ndugu. Siku moja akaingia mtu kuuliza saa. Dada akamtazama juu mpaka chini akamwambia, "Hebu vaa hii." Ikamkaa kama ngozi. Suti ilitangulia, mume akafuata. Huyo tunamwita Pasi, kwa sababu baada ya harusi walimpa kazi ya kupiga pasi nyuma ya pazia, na hajatoka nyuma ya pazia hilo mpaka leo.

Baada ya Baba, mkasi aliushika Mama. Sasa amezeeka, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na hospitali hataki kuisikia. Ukimwambia haoni, anakujibu jicho la fundi liko vidoleni.

Basi nilipopiga simu kusema nakuja na mwenzangu, dada akaomba picha. Nikatuma iliyokuwepo. Iliyokuwepo ilipigwa kwenye karakana ya Cheche, siku ya kazi. Sikuitazama mara mbili. Ningejua, ningeitazama mara kumi.

Kituo cha basi kiko karibu kabisa na duka letu, unashuka unaingia. Walikuwa wametoka wote. Dada amevaa nguo ya kutokea, Pasi amevaa ile suti iliyomuoa, Mama ameletewa kiti mlangoni na fimbo yake iko mapajani. Mbele yetu akashuka msichana mmoja mwembamba, mgeni kwetu sote, anapekua mkoba kutafuta simu. Dada akamrukia akamkumbatia.

"Wifi yangu. Karibu, karibu nyumbani. Pole na safari."

Msichana akasema asante, maana alikuwa na adabu. Pasi akamnyang'anya begi. Mama akamvuta mkono, akampapasa kifundo, kiwiko, bega, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sawasawa," akasema. "Kama nilivyokata."

"Bibi, mimi nina basi lingine la kuwahi," msichana akasema.

Nikashuka na magoti yangu. "Dada, huyo simjui."

Dada akanitazama. Halafu akamtazama Cheche, aliyekuwa anashuka kinyumenyume na sanduku lake, ngazi za basi zinalalamika.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye."

"Huyu si yule fundi wa pichani? Mwenye kinyago?"

"Ndiye fundi. Ndiye mwenye kinyago."

Pichani Cheche alikuwa amevaa ovaroli na kile kinyago cha kuchomelea kinachofunika uso wote, amesimama nyuma ya geti ambalo halijamalizika. Pembeni yake alikuwepo msichana anayeuza rangi duka la jirani. Alikuwa anapita tu, akaona kamera, akatabasamu kama bibi harusi. Nyumba nyingine yoyote ingeuliza: mwenzako ni yupi hapo? Kwetu hawaulizi. Kwetu wanatazama.

Pasi akamrudishia yule msichana begi lake. Alilirudisha kwa huzuni, na dada aliiona ile huzuni.

"Shikamoo, Mama," Cheche akasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

Swali hilo lina jibu moja tu, hata kasuku analijua. Cheche akaweka sanduku chini.

"Mbaya. Mgongo unauma, dereva punguani, kiti kilikuwa kimemwagikiwa maziwa, na huyu mwanao amekoroma njia nzima."

Dada akakohoa. Pasi akatazama viatu vyake. Lakini Mama aligeuza kichwa polepole kuifuata sauti, kama mtu aliyesikia maji yanatiririka mahali alipojua pakavu.

"Maziwa ya nani?" akauliza.

Cheche akamweleza yote, mpaka habari ya utingo na nyundo. Walikaa hapo mlangoni wakizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Sisi wengine tukaingia ndani kufiwa.

Maana ndani kulikuwa na gauni. Lilikuwa limening'inizwa katikati ya duka, la buluu iliyokolea, vifungo vidogo vimevikwa kitambaa hichohicho mgongo mzima, na kiuno cha nyigu. Mama alilikata mwenyewe, dada akimsimulia picha. Majirani walikuwa wamealikwa kesho yake mchana waje kula na kumwona mkwe ndani ya gauni hilo. Na Mama alikuwa ametangaza kwamba ndilo la mwisho. Baada ya hilo anaweka mkasi chini.

Dada akanivuta jikoni akafunga mlango.

"Nimekuambia ulete mke, umeniletea geti."

"Ndiye wifi yako."

"Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu na mabega yake. Yametoka wapi mabega yale?"

"Kazini. Shona lingine, dada."

"Kitambaa kimekwisha. Na hata kisingekwisha, nikamwambie nini Mama? Kwamba kazi yake ya mwisho duniani imekosewa? Wewe hukai hapa, Kiguu. Wewe unakuja na kuondoka kama mafua. Sisi ndio tunaokaa naye."

"Nimekuja kukaa."

Akanitazama kuona kama nina homa. "Huyo mwenzako anajua?"

"Amekuja kuona kwanza."

"Basi mwambie asile."

Siku hiyo tulikula chakula cha ajabu. Dada anampakulia Cheche kijiko kimoja, anasema wifi usione aibu. Cheche anatazama kile kijiko, anauliza kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Pasi anasukuma bakuli la nyama upande wangu, Cheche anasimama, anazunguka meza, anakuja kulichukua. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ametulia.

"Mwacheni ale. Mtu akilala hupungua. Kesho litamkaa."

"Gauni gani hilo?" Cheche akauliza, mdomo umejaa.

"Zuri sana," dada akasema.

"Zuri kupita kiasi," akasema Pasi.

Na mimi nikasema zuri. Ndiyo, nilisema. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, unafikiri ningesema nini?

Asubuhi Cheche akaamka kabla ya watu, kama kawaida ya mafundi wanaolala ugenini. Alizunguka dukani akishikashika vitu. Cherehani ya kukanyaga iliyokuwa inalia tangu enzi za Baba akaitia mafuta, ikanyamaza. Halafu akafunua pazia la Pasi.

Pasi alikuwa ameketi juu ya ndoo, wembe mkononi, anafumua mkono wa shati. Shati lile Mama alilimaliza juzi yake. Shingoni mwa Pasi ilikuwa imening'inia futi ya kupimia.

"Shemeji," akanong'ona, "funga pazia."

Cheche akalifunga, lakini yeye akiwa kwa ndani. Alikaa huko mpaka chai ikapoa, akatoka akanikuta uani nanawa uso.

"Watu wako wanamdanganya yule mama," akaniambia.

"Wanamheshimu."

"Anachoshona chote Pasi anakifumua anakishona upya. Chote. Wateja wanapita mlango wa nyuma wanapimwa jikoni. Mji mzima unajua, isipokuwa yeye. Hata hilo gauni limefumuliwa. Pasi anasema mshono ulikuwa umeingilia kwapani ukatokea mgongoni."

Nilijua? Nilikuwa sijui, lakini sikushangaa, na kutoshangaa ndiko kulikomuudhi.

"Ni mama mzee," nikasema. "Kazi ndiyo roho yake."

"Kwangu kijana akiona geti limekaa upande akanyamaza, namfukuza."

"Huyu si geti."

"Ndiyo maana. Geti halioni uchungu." Akajifuta mikono kwenye taulo langu. "Kesho narudi. Chumba chako nimekiona, kizuri, kina hewa. Lakini sikai nyumba ambayo nikiuliza chumvi imetosha naambiwa karibu tena."

Nikamwomba asimwambie Mama. Nilimwomba kwa majina yote, mpaka yale ya kipindi tulipoanza kujuana.

"Sitasema," akaniambia. "Nisipoulizwa."

Mchana majirani wakaanza kujaa sebuleni. Cheche hakutaka kulivaa lile gauni, lakini aliliona limetandikwa kitandani, na vifungo vyake vile, akasema haya, kwa ajili ya yule mama nitajaribu. Akavua ovaroli, akanyanyua mikono, akaingia nalo kwa juu. Kichwa kikapotea. Mikono ikatokea mpaka kwenye viwiko. Hapo safari ikaisha. Waswahili tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mchongoma una nafuu, una hewa.

"Vuta," akasema kutoka ndani.

Nikavuta juu, halikuja. Nikavuta chini, likazidi kubana. Akayatoa yale maneno ya madereva, moja baada ya jingine, kwa utulivu, kama mtu anayeita mahudhurio. Sebuleni mazungumzo yakapungua. Nikamwita dada. Dada akaja na mkasi, akauona ule mshono, akaurudisha mkasi mfukoni.

"Siwezi. La mwisho hili."

"Basi mkate yeye," nikasema.

Tukasikia fimbo. Mama alikuwa anakuja kwa kupapasa ukuta, amevaa kitambaa chake kizuri kichwani. Pasi alikuwa nyuma yake, anatupungia mikono bila msaada wowote.

"Limeingia?" Mama akauliza.

"Limemkaa, Mama," dada akasema. "Amependeza."

"Sikukuuliza wewe. Mkwe wangu uko wapi?"

"Niko humu," sauti ikatoka ndani ya gauni.

"Limeingia?"

Nilifumba macho.

"Halijaingia. Limenikaba. Naona giza na nina njaa."

Mama akasogea, akaweka viganja vyake viwili juu ya mgongo wa Cheche. Akapapasa upana, taratibu, kutoka bega hadi bega, kama mtu anayetafuta mwisho wa ukuta.

"Loo," akasema. "Kumbe ni wewe mzima huyu. Gauni si dogo, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa."

"Yote mawili, Mama."

"Haya, vuta pumzi."

Cheche akavuta pumzi. Mtu anayebeba mageti akivuta pumzi si mchezo. Mshono wa ubavuni ukaachia kuanzia kwapani mpaka kiunoni, na sauti yake waliisikia mpaka sebuleni. Kichwa kikatoka, nywele zimesimama.

Dada akaanza kulia kabla hatujaambiwa kama kuna msiba. Lakini Mama hakuwa anasikiliza kilio. Vidole vyake vilikuwa vimeushika ule mpasuko, vinatembea kwenye nyuzi zilizokatika, vinarudi, vinatembea tena.

"Huu si mshono wangu," akasema. "Mimi nakaza zaidi. Nani ameshona hapa?"

"Ni wewe, Mama," dada akasema.

"Mkwe."

"Naam."

"Nani ameshona hapa?"

Cheche alinitazama. Nadhani ni mara ya kwanza na ya mwisho maishani kumwona akitafuta njia ya kupita pembeni. Hakuiona.

"Pasi. Anafumua kazi zako anazirudia."

Sebuleni ulisikia majirani wakijitahidi kutosikiliza. Mama akaketi kitandani juu ya ovaroli.

"Pasi, mwanangu. Zote?"

"Si zote, Mama," Pasi akasema. Jasho lilikuwa linampitia ndani ya ile suti.

"Ipi uliiacha?"

Pasi akafikiri. Alifikiri kweli, masikini, alitaka kumpatia jibu zuri.

"Leso," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu macho yalipoanza."

"Macho yangu yalianza mume wangu angali hai."

"Ndiyo, Mama. Na za kwake baadhi nilizigusa."

Hapo Mama akatoa sauti ambayo nilidhani ni kilio, nikasogea. Ilikuwa kicheko. Kilimtikisa mpaka kitambaa kikamwangukia usoni. Dada ndiye aliyezidi kulia, maana kilio angejua afanye nini nacho.

"Tulikuwa hatutaki uumie, Mama," akasema.

"Najua. Kila asubuhi nawauliza, mshono ukoje, mnasema mzuri. Nauliza wateja wapo, mnasema tele. Nauliza huyu Kiguu yuko wapi, mnasema yuko salama, na hakuna kati yenu aliyejua yuko nchi gani. Nimekaa nanyi nyumba moja kama mtu anayesikiliza redio." Akageukia sauti ya Cheche. "Mkwe. Kwako una chumba?"

"Ninacho. Kina kelele. Karakana iko ukutani."

"Kuna cha kushona?"

"Aproni za ngozi na glavu za wafanyakazi. Zinachanika ovyo. Lakini ukishona vibaya nitakuambia."

"Ndicho ninachouliza."

Dada akaacha kulia ghafla. "Mama. Huyu mtu umemjua jana."

"Na jana nimejua maziwa yalimwagika kiti gani. Nyie mwaka mzima hamjaniambia kitu chenye urefu huo."

"Mkataa kwao mtumwa, Mama."

"Basi nikawe mtumwa mwenye habari."

Nikaona chumba changu cha nyuma kinaondoka na fimbo ya mama yangu. Nikapiga magoti, jambo ambalo si dogo kwangu.

"Mama, mimi nimerudi kukaa. Nimerudi kukaa hapa, na wewe."

"Kaa, baba. Nani amekukataza? Chumba kipo."

Nikamgeukia Cheche. Alikuwa ameketi na gauni limemning'inia shingoni kama bendera ya nchi iliyoshindwa.

"Uliniambia ukiwapenda tutazungumza," nikamwambia.

"Nimempenda mmoja," akasema. "Na ndiye niliyezungumza naye."

Akavaa ovaroli yake, akatoka sebuleni, akawaambia majirani gauni limechanika na yeye ana njaa. Majirani wakasema hongera, gauni zuri sana. Walikuwa hawajaliona. Chakula kikaliwa chote, na safari hii Cheche alipakuliwa mpaka sahani ikalalamika. Aliyempakulia ni dada, amenuna, lakini alimpakulia.

Waliondoka kwa basi la asubuhi. Mama alibeba mkasi, fimbo na mto wake wa kulalia. Nilimsikia akimwambia utingo kwamba sanduku la mkwe wake linakaa miguuni. Dada aliwapungia mkono kutoka dukani, bila kutoka nje. Mimi nilibaki katika chumba changu cha nyuma. Ni kweli kina hewa. Nilikaa humo nikimuuliza dada kama chai ipo, naambiwa karibu. Nikimuuliza Pasi kama Mama amepiga simu, naambiwa wote wazima. Kabla mwezi haujaandama nilikuwa kituoni.

Mama aliishi kwa Cheche miaka kadhaa. Alishona aproni kwa vidole. Nyingine Cheche alizikubali, nyingine alimrudishia, wakagombana na kula pamoja. Mwisho alikubali kupelekwa hospitali, jicho moja likafunguliwa. Alimtazama Cheche akasema ni mkubwa kuliko alivyodhani. Alinitazama mimi akaomba maji. Alikufa akiwa ameketi, baada ya kula, akazikwa huko huko. Dada alikuja mazishini, akalia, akakaa wiki, akarudi. Duka bado lipo. Futi ya kupimia imening'inizwa dirishani watu waione, na mwenye kukata sasa ni Pasi. Amenenepa, ile suti haimwingii tena, amejishonea nyingine. Pasi yenyewe anaipiga dada. Chumba cha nyuma wamempa kinyozi. Msichana wa rangi aliolewa akahama. Hajui habari ya gauni, na hakuna aliyemwambia. Cheche anachomelea bado, ingawa mgongo unamsumbua na vitu vizito vinabebwa na wengine. Mimi nafungua karakana asubuhi na kuifunga jioni.